Chumba cha Kasyoka

"Kasyoka ni nani?"

Kathini aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. Mulinge alikuwa amesimama mlangoni pa duka la ushonaji la Kathini hapo Kabati, amekumbatia karatasi ndefu iliyokunjwa mviringo, kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe abebe.

Kazi ya Mulinge ni kuchora ramani za nyumba kule Kwa Vonza. Jana yake alikuwa ameweka kipande cha ramani kwenye status ya simu yake. Kathini akaivuta ile picha kwa vidole viwili, akasoma: CHUMBA CHA KASYOKA. Ujumbe ukaruka papo hapo:

"Mjengee huyo Kasyoka wako. Mbuzi wa Jumamosi usilete."

Mbuzi wenyewe ni wale watatu wa ntheo, posa ya Wakamba. Wakishafika kwa baba wa msichana, msichana ana mwenyewe. Na aliyewauza, Mzee Gabow, alikuwa amewafunga nje kwenye nguzo na ameketi papo hapo kwenye benchi akingoja kanzu yake ikunjwe pindo, masikio wima.

"Si uangalie kwanza," Mulinge akasema.

"Nimeangalia."

"Umeona kona. Hujaona nyumba."

Meza haikutosha, akaitandaza sakafuni. Wanaosema ile karatasi ilivuka barabara wanaongeza chumvi, iliishia kizingitini.  Lakini mama mmoja aliyekuwa akibishania zipu aliiacha bei hewani. Mzee Gabow aliinuka, akavua makubazi, ndipo akakanyaga ukingo wa karatasi.

"Nimelala nyumba nyingi kutoka Garissa mpaka hapa," akanong'ona. "Hii haijajengwa na nimeshavua viatu."

Kathini akasimama. Miaka yote amekata karatasi kwanza, nguo baadaye. Alijua kukisoma kitu ambacho bado hakipo. Akaona mlango mpana kuliko milango yote, maana yeye huingia na majora ya vitambaa ubavu ubavu kama kaa. Akaona chumba cha kushonea, dirisha likitazama mashariki, na cherehani yake imechorwa kama inavyoonekana kutoka juu, gurudumu upande wake, na kile kigoda chake cha miguu mitatu. Mulinge hakuwahi kukipima. Alikuwa amekipima kwa macho, miaka miwili, akijifanya amekuja kushonewa vifungo.

Akapiga magoti, akaupitisha mkono juu ya mistari kama mtu anayeogopa kuamsha walio ndani.

"Na Kasyoka?" Sauti ilikuwa imeshuka.

"Mama yangu unamwita nani?"

"Mama Mulinge. Si kila mtu anamwita hivyo?"

"Na kabla sijazaliwa, alikuwa anaitwa nani?"

Kathini akafumba macho. Mkamba gani hajui kwamba binti wa kwanza huchukua jina la nyanya mzaa baba? Yeye mwenyewe angeweza kuifundisha desturi hiyo. Wivu wa usiku mmoja ulikuwa umeifuta yote.

"Umempa mtoto chumba na hata harusi hatujafanya."

"Nimempa na dirisha."

Hakucheka, ingawa mdomo ulitaka. Kidole chake kilikuwa kimefika chumba cha pili, ubavuni mwa kile cha kwanza. Kilikuwa kitupu.

"Hiki mbona hakina jina?"

"Hicho si changu kukipa."

Jina la binti wa pili hutoka upande wa mke. Mama yake Kathini walimzika Mukuyuni mwaka juzi, na tangu siku hiyo hakuna aliyelitaja jina lake ndani ya duka lile. Kathini akachukua chaki ya buluu, ile ya kuchorea vitambaa. Akaandika herufi moja moja: MUTINDI.

Akapuliza vumbi la chaki. Nje, wale mbuzi watatu waliofungwa kwenye nguzo waliacha kutafuna, au ndivyo wanavyosimulia.

Mzee Gabow akakohoa. "Dada, hao mbuzi niwarudishe nyumbani ama ni Jumamosi?"

"Ni Jumamosi," Kathini akasema, akijipangusa uso kwa pindo la kanzu ya watu. "Lakini sogea kidogo, mzee. Umesimama jikoni kwangu."