Chumba cha Hawe Kahaso

Yaliyompata Kanze, pale Mlaleo wanayajua wote, ingawa ukiuliza, kila mtu atakwambia siku ile hakuwepo. Walikuwepo. Uwanja ulijaa.

Ilianza Jumapili ya kawaida tu. Kanze alitoka kanisani, akafua, akaosha viatu vya shule vya binti yake Lavender na kuvianika juu ya rundo la bloko. Mawe hayo alikuwa ameletewa na lori kutoka machimboni ili ajenge kibaraza mbele ya chumba chake, maana kazi yake ya kupaka wateja rangi za kucha ilikuwa imenoga na sebule haikutosha. Mwenye lori alimwonya asianike kitu juu yake kabla ya kuyageuza, kwa kuwa mawe ya machimboni huja na wenyewe. Kanze alimwambia asimfundishe kazi.

Alasiri akaja mteja, bibi mmoja wa Nyali, wa kwanza kuvuka kutoka kwa matajiri. Kanze akavuta pazia, akawasha ile taa ya kukaushia kucha yenye mwanga wa zambarau. Akiwa ameshika kidole cha mgeni wake, akatupa jicho chini. Kitu kilikuwa kinang'ara pale sakafuni, kijani kikali. Nge. Amebeba watoto mgongoni, wengi, weupe. Watoto hawakung'ara. Mama yao tu ndiye aliyewaka.

Mtu mwingine angepiga kelele, au angemponda papo hapo. Kanze alimwonea haya mgeni wa Nyali asije akajua amekaribishwa kwenye nyumba ya nge. Akamsukuma kwa fagio taratibu hadi nje ya mlango, huku akicheka na kusifia vidole vya watu.

Uwanjani nge aliokotwa na Kahaso, mwanamke mzee wa chumba cha nyuma, ambaye watoto wote walimwita hawe, yaani bibi kwa Kigiriama. Alimtega kwa kifuu cha nazi, akamfunika kwa kipande cha boksi.

"Mzazi simuui mimi," akasema, akaenda kumwachilia vichakani nyuma ya ukuta. Njia nzima alikuwa akimsemesha kama jirani. Kanze alimwona kupitia dirishani, akatabasamu. Viatu vya mtoto alivisahau juu ya mawe usiku kucha.

Asubuhi Lavender alitia mguu kiatuni, akapiga yowe.

Majirani walikusanyika. Mtoto alikuwa akitetemeka, mate yakimtoka, na kila mdomo ukiuliza swali moja: nge ametoka wapi? Kanze alijua. Alijua kama anavyojua jina lake, na aibu ikamshika, mama mzima aliyesahau kiatu cha mwanawe juu ya mawe aliyoonywa. Ndipo ulimi ukamponyoka.

"Jana nilimwona hawe na nge kwenye kifuu. Alikuwa akizungumza naye."

Hakudanganya hata neno moja, na ubaya wenyewe ndio huo.

Neno mchawi lilitamkwa na mtu wa nyuma. Vijana wakainama kuokota mawe, na mawe ya karibu yalikuwa zile bloko za Kanze. Kahaso alisimama mlangoni pake na leso yake, hakukimbia. Alimtazama Kanze peke yake.

"Mwanangu, sema uliloliona lote."

Kanze akatazama chini. Jiwe la kwanza likagonga mlango. Kabla ya la pili, Ruwa, mjukuu wa Kahaso, alimpakia bibi yake kwenye pikipiki na kumpeleka kwao Kaloleni bila hata mfuko wa nguo. Ismail, mwenye nyumba, akatia chumba kufuli.

Lavender alipona. Alirudi kutoka hospitali akichechemea, na la kwanza kuuliza likawa hawe yuko wapi. Wiki iliyofuata Ruwa alikuja kwa Kanze kwa adabu zote.

"Mama Lavender, hawe halali. Anataka kurudi kwake. Ismail asema ukiwaambia watu ukweli, hata leo atamfungulia."

"Kesho, Ruwa. Inshallah kesho," Kanze akajibu, yeye Mkristo wa kubatizwa, kwa kuwa inshallah ilikuwa rahisi kuliko ndiyo. Kesho hiyo ilichukua wiki sita.

Jumanne moja, saa tisa alasiri, uwanja umelala kwa joto, Kanze alisikia mtu akitembea ndani ya chumba cha Kahaso. Miguu mitupu. Inakwenda. Inarudi. Akatoka kutazama. Kufuli lilikuwa mahali pake, limeanza kushika kutu.

Jumatano vilevile. Akamwita Milcah, jirani yake wa kutoka bara aliyefanya kazi kiwandani.

"Wasikia?"

"Nasikia nini? Mimi sisikii kitu," Milcah akajibu, bila kumtazama usoni.

Alhamisi Kanze alivua ndala, akaunyatia ule mlango. Kahaso aliwahi kumwambia Lavender kwamba nge hana masikio, husikia kwa miguu, mchanga ukitikisika kidogo tu anajua nani anakuja. Kanze alilikumbuka hilo uso wake ukiwa umeshakaribia mbao za mlango. Ndani, nyayo zikasimama.

Akainua kisigino. Ndani, kisigino kikainuliwa.

Akakishusha. Ndani, kikashuka.

Upande wa pili wa mbao, karibu kabisa na uso wake, mtu akavuta pumzi.

"Sema," sauti ikanong'ona.

Kanze alikimbilia chumbani, akajifungia, akakaa kitini akiomba Zaburi zilizochanganyika. Usingizi ukambeba hapo hapo, usingizi mzito usio wa kawaida. Alipozinduka jua lilikuwa limeshuka na vifundo vya mikono vikimuuma kama mtu aliyeburutwa. Ijumaa ikawa hivyo hivyo. Kwaresima nzima hakuwahi kujichukia kama alivyojichukia jioni hiyo.

Jumamosi asubuhi alitoka uwanjani, akasimama penye bomba la maji ambapo wanawake walikuwa wakifua. Akasema yote. Taa, fagio, mgeni wa Nyali, viatu. Alisema akilia, akingoja watu wamtemee mate.

Hakuna aliyeinua kichwa. Milcah aliendelea kusugua kola ya shati.

"Mama Lavender, sisi tulijua," akasema hatimaye, taratibu. "Walipookota yale mawe, nge walitoka mbio chini yake. Wengi. Kila mtu aliwaona."

Ruwa akaingia langoni saa hiyo, amevaa shati jeusi. Hakuja kugombana. Alikuja kuchukua nguo za kumzikia bibi yake.

"Amefariki Jumanne," akasema. "Alasiri."

Ismail akaleta ufunguo, ambao haukuwahi kutoka mfukoni mwake. Kufuli likafunguka kwa shida. Chumba hakikuwa na dirisha, na chokaa ya ukutani ilikuwa imemwagika wiki hizo sita ikafunika sakafu yote kwa vumbi jeupe.

Vumbini mlikuwa na nyayo za watu wawili.

Zilielekeana, vidole kwa vidole, kama za watu walioshikana mikono. Za kwanza nyembamba, za mtu anayerudi kinyumenyume kuja mlangoni, akivuta. Za pili zilimfuata hadi kizingitini, zikachimbia visigino, zikarudi ndani. Zikavutwa tena. Zikarudi. Chumba kizima, kona hadi kona.

"Nge dume humshika jike magando," Ruwa akanong'ona, "wakavutana hivi, huku na huku. Hawe alinionyesha nilipokuwa mdogo."

Nyayo za pili zilikuwa na kidole gumba cha kushoto kilichopinda kwenda nje. Watu wote wakatazama miguu ya Kanze.

Safu moja tu ya nyayo ilivuka kizingiti. Za Kahaso ziliishia ndani. Zile za kidole kilichopinda zilitoka chini ya mlango uliokuwa umefungwa, nyeupe juu ya saruji, hatua kwa hatua, hadi penye bomba la maji.