Moto wa Mong'ina

Jioni hiyo ya mwaka 1973 mvua ilikuwa imelowesha kiberiti cha mwisho, na mtoto Mutesi alitetemeka kwa homa. Mama yake, Nangobi, akachukua kigae akatoka kuomba moto.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu avuke mpaka kutoka Uganda, mumewe akiwa amechukuliwa na askari. Hapa Kiogoro, kijijini kwa Wakisii, hakuna aliyemkaribisha hata kwa uji. Jioni ile alibisha milango mitatu. Yote ilimjibu kwamba moto umezimika, huku moshi ukifuka juu ya paa.

Wa nne ulikuwa wazi.

Kilikuwa kibanda nyuma ya migomba. Bibi kizee aliyeketi kando ya mafiga alijitaja kuwa Mong'ina. Alimpa pole ya safari, akauliza jina la mtoto. Hakuna mwingine aliyewahi kuuliza. Mle ndani mlinuka nywele zilizoungua... Nangobi akadhani ni kuku.

"Chukua, mwanangu," bibi alinong'ona, akiokota makaa kwa vidole vitupu. "Wakikuuliza umeyatoa wapi, usiseme."

Asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Gesare, mwenye nyumba aliyopanga Nangobi, alipita akauliza kama Waganda huwasha moto kwa maombi. Nangobi alikuwa amechoka kudharauliwa. Alitaka ijulikane kwamba naye ana jirani.

Akasema.

Uso wa Gesare ulibadilika. "Mong'ina tulimchoma mwaka jana. Yeye na nyumba yake." Akarudi nyuma hatua moja. "Mchawi humpa moto mchawi mwenzake."

Nangobi alikimbilia migombani. Alikuta majivu ya zamani, na nyasi zimeota kati ya mafiga.

Jua lilipotua, wanaume walikusanyika njiani na nyasi kavu, wakisemezana Kikisii kwa sauti ya chini. Hakuhitaji mkalimani. Alimwagia makaa maji. Hayakuzima. Akambeba Mutesi mgongoni. Mlangoni palinuka mafuta ya taa.

Ngo... ngo... Ukuta wa nyuma.

"Nilikwambia usiseme," sauti ilinong'ona. "Pita huku."

Nyumba ile haikuwa na mlango wa nyuma. Sasa ulikuwepo, wazi. Nangobi alikumbuka milango yote aliyobisha tangu avuke mpaka. Akainama, akapita.

Nyumba iliungua mpaka alfajiri. Walichakura majivu, wasipate hata mfupa.

Siku za mvua Gesare huona moshi nyuma ya migomba, na husikia mtoto akicheka. Kiberiti chake kikilowa, hathubutu kwenda kuomba moto; watoto wake hulala njaa.