Misumari ya Dirisha la Mama Emiliana

Lilibaki dirisha moja.

Matatu nilikuwa nimeshayamaliza. Nilikata mbao zilizooza, nikaunga mpya, nikabadili bawaba. Lilibaki la chumba cha nyuma, na jua lilikuwa linazama ziwani.

Mimi ni Nazari, fundi seremala wa Mbinga. Dada Mektilda alinipigia simu nije Chiwanda kutengeneza nyumba ya marehemu mama yake, Mama Emiliana, iliyokaa miaka ishirini bila mtu. Asubuhi nilikwenda kwa jirani kuomba maji. Nilimpa bibi wa pale shikamoo. Alitazama begi langu la vifaa, akaingia ndani, akafunga mlango.

Dirisha la nyuma lilikuwa limepigiliwa misumari mirefu.

Kwa nje.

"Dada, nani alilifunga hivi?"

"Wewe ng'oa tu," alisema Mektilda. Alikuwa nyuma yangu, mikono ameikunja kifuani.

Nikang'oa wa kwanza. Ulitoka ukilia. Wa pili... Kufikia wa tatu nikasimama. Misumari ilipigwa kwa kulaza, miwili miwili, vichwa vikitazamana, ili ubao usiachie kamwe. Nilimjua mtu mmoja tu anayepiga hivyo. Ndiye aliyenifundisha kazi.

Baba.

Zamani alifanya kazi huku ziwani. Nikajiambia mafundi ni wengi, nikaendelea.

Msumari wa mwisho ulipotoka, sikuwahi kuvuta ubao. Ulisukumwa. Taratibu...

Kutoka ndani.

Harufu ikanijia usoni. Jasho, mkojo, shuka la mgonjwa. Harufu ya mtu aliye hai, katika chumba ambacho hakijafunguliwa miaka ishirini.

"Nani huyo?"

Sauti ya mwanamke. Kavu. Nikageuka kumtazama Mektilda. Midomo yake ilikuwa imefumba.

"Fundi," nikajibu.

"Fundi mtoto wa nani?"

"Usimdanganye," Mektilda akanong'ona.

Sikutaka kusema. Nikajisikia nasema. "Wa Damiano."



Kitu kikanishika mkono. Sikukiona. Niliona ngozi yangu ikibonyea, vidole vinne na gumba, na baridi ikapanda hadi begani.

"Nilimwomba maji," sauti ikasema. "Akaniitikia, 'Naam, mama.' Kisha akaendelea kugonga."

Mkono ukaachiwa. Kitu kikapita karibu na shavu langu, kikatoka. Majani makavu ya uani yakavunjika hatua kwa hatua mpaka barabarani. Huko kwa majirani nikasikia milango ikikomewa, mmoja baada ya mwingine.

"Ulijua mimi ni nani," nikamwambia Mektilda.

"Mafundi wa Mbinga ni wengi. Nilikutafuta wewe." Hakupandisha sauti. "Watoto wa kijiji walikufa kwa surua, majirani wakasema mama ni mchawi, wakamfungia humo. Nilikuwa na miaka tisa. Nilisimama hapo uliposimama, nikamsikia siku tano. Ya sita sikumsikia. Chukua vifaa vyako uondoke kwangu."

"Na kweli alikuwa...?"

"Ondoka."

Nilimpigia baba simu njia nzima. Haikupokelewa.

Nilifika nyumbani Mbinga asubuhi, na basi la kwanza. Mlango ulikuwa wazi. Sakafu nzima ilijaa maji: ndoo, sufuria, mabeseni, vikombe, vyote vimejazwa mpaka ukingoni. Baba alikaa katikati yake, miguu imelowa. Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu.

"Mwambie anywe," alisema. "Tangu jana jioni namsihi. Hataki."

Nikamlaza kitandani. Nikamuuliza kama ni kweli, yale ya Chiwanda. Alilia mpaka akaishiwa sauti, lakini hakukana.

Mchana nikaingia kumtazama. Kikombe kimoja pale sakafuni kilikuwa kitupu, na baba hakuwa ameondoka kitandani. Nikashusha pumzi. Nikadhani yule mama ameridhika.

"Nazari," baba akaita. "Nina kiu."

Nikamnyanyua kichwa, nikamwekea maji mdomoni. Yakajaa, yakamwagika pembeni ya midomo, yakalowesha mto. Nikajaribu tena kwa kijiko. Yakarudi yote.

Koo lilikuwa limefungwa.

Daktari amempima mara mbili. Anasema haoni kitu.