Kompyuta ya Wodi ya Uzazi Iliyotoweka Mchana

Saa nane na dakika tano mchana, Mama Nyaya, fundi mkuu wa kompyuta, aliitazama skrini ya seva ya hospitali akahesabu kwa kidole: Mapokezi, Maabara, Dawa. Akahesabu tena. Tatu. Asubuhi zilikuwa nne.

"Uzazi iko wapi?"

Fundi msaidizi, binti aliyeitwa Chapuchapu kwa sababu hata chai aliinywa amesimama, alikauka kama sanamu.

"Mama, sijaigusa. Naapa!"

"Sikukuuliza kama umeigusa. Nimeuliza iko wapi."

Wiki iliyopita wawili hao walisimika kwenye seva programu ya kuigawa, ili chuma kimoja kifanye kazi ya kompyuta nne. Hizo nne ni kompyuta pepe: hazina mwili wala kioo, lakini kila moja ina mafaili yake na ukaidi wake. Siku zote mbili za kazi hiyo, mtunza masijala, Bibi Masijala kwa wote, alikaa kando yao kwenye kigoda akiandika kila walichobofya, maana kwake jambo lisiloandikwa halijatokea.

Uzazi ndiyo iliyokuwa kongwe: ilihamishiwa humo kutoka kompyuta chakavu ya wodi iliyokwisha kutupwa. Ilibeba rekodi za watoto waliozaliwa hapo kwa miaka ishirini na miwili, zilizoanzishwa na wakunga na kukamilishwa na Bibi Masijala. Leo saa kumi alasiri, muuzaji wa mfumo mpya wa rekodi angenakili majina na tarehe, kisha Uzazi ifutwe. Nakala ya akiba haikuwapo. Kosa hilo lilikuwa la Mama Nyaya mwenyewe.

Mkurugenzi alifika akihema, muuzaji nyuma yake. Aliinamia kumbukumbu za seva, akasoma kwa sauti: "Imeondolewa saa nne na dakika ishirini asubuhi. Kwa akaunti ya Chapuchapu." Akafungua daftari la funguo, alilolipitia mezani kwa Bibi Masijala, chumba cha pili, ambako funguo zote hutunzwa. "Na hapa umeandika umeingia saa nne kamili, umetoka saa saba. Peke yako. Binti, una siku tatu za majaribio zilizobaki, na umeshindwa kuzimaliza?"

"Bosi, mimi..."

"Saa kumi niletee kitambulisho chako mezani."

Bibi Masijala alikuwa amesimama mlangoni, miwani imeshuka hadi ncha ya pua. "Kwani huyu mtoto atafukuzwa?"

"Saa kumi," alisema mkurugenzi.

Bibi akarudi mezani kwake.

"Nipe muda mpaka hiyo saa kumi," Mama Nyaya alimwambia bosi.

"Wa kufanya nini?"

"Wa kufanya kazi unayonilipia."

Walipobaki wawili, alimsukumia Chapuchapu kiti. "Futa machozi, kibodi haipendi maji. Asubuhi diski ilikuwa imejaa kiasi gani?"

"Asilimia themanini na tatu. Nimeiandika kwenye ripoti."

"Na sasa?"

Chapuchapu akaangalia. "Themanini na tatu."

"Ukitoa kabati sebuleni, nafasi haionekani?"

Binti alikodoa macho. "Haijafutwa! Imetolewa kwenye orodha tu, mafaili yake yamo! Mama, tuirudishe sasa hivi, ni dakika mbili!"

"Tuirudishe, halafu bosi aseme umeogopa ukarudisha ulichoficha? Tulia. Kwanza nani, halafu kompyuta."

Akanyanyua simu akapiga wodi ya uzazi.

"Mkunga, rekodi zenu zimegoma saa ngapi?"

"Zimegoma baada ya chakula cha mchana," sauti ilijibu. "Mtoto wa saa sita tumemwandika bila shida. Huyu wa saa saba na nusu ndiye hana pa kuandikwa, na anapiga kelele kama anajua."

Mama Nyaya akakata simu. Kompyuta iliyotoweka saa nne ilikuwa imeandika mtoto saa sita. Mmoja kati ya mkunga na seva alikuwa mwongo, na Mama Nyaya alimwamini mkunga.

"Nitazame," alisema. Saa yake ya mkononi ilionyesha saa nane na nusu. Alitengeneza kompyuta pepe tupu, akaiwasha, akaizima, akafungua kumbukumbu. Seva iliandika kwamba amefanya hivyo saa tano na nusu asubuhi.

Chapuchapu akashika kichwa. "Tulipoisimika hatukuipa majira ya hapa! Iko nyuma saa tatu!"

"Tulisahau wote wawili. Kwa hiyo saa nne na ishirini ya seva ni saa saba na ishirini yetu. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakula. Mpishi na foleni nzima wameniona."

"Na akaunti yako uliifunga ulipotoka?"

Chapuchapu akaanza kuipangusa kibodi.

"Chapuchapu!"

"Nilikuwa na njaa, Mama."

"Njaa yako nusura ikule wewe pamoja na kazi. Twende."

Muuzaji walimkuta mapokezi akipanga karatasi zake. Asubuhi watu walimsikia akisema Uzazi ni zee la kuzikwa tu.

"Saa saba na dakika ishirini ulikuwa wapi?" Mama Nyaya alimwuliza.

"Kwani mimi mtuhumiwa?"

"Ukijibu haraka, hapana."

"Nilikuwa nakula na mkurugenzi, kuanzia saa saba mpaka tulipoitwa. Muulize. Halafu mama, mimi nalipwa nikishanakili zile rekodi. Niifiche ili iweje?"

Ilikuwa kweli, na Mama Nyaya hakupenda kwamba ilikuwa kweli. Alirudi kwenye daftari la funguo. Chapuchapu alirudisha ufunguo saa saba kamili. Yeye mwenyewe aliuchukua saa nane. Katikati, mstari haukuandikwa. Dirisha lina nondo, kitasa kizima, na ufunguo ni mmoja tu. Ni nani anayeweza kuuchukua bila kusaini kwa mtu yeyote?

Alikaa kidogo kabla ya kunyanyuka. Huyu alikuwa amewahi kumshonea mwanawe sare ya shule.

Saa tisa na dakika arobaini walikuwa wote masijala, mkurugenzi akiwa amesimama kati ya makabati. Mama Nyaya alieleza habari ya diski, ya mtoto wa saa sita na ya saa tatu zilizopotea. Kisha akageuka.

"Bibi, programu ile huuliza: iondolewe kwenye orodha tu, au ifutwe na mafaili yake? Mharibifu angefuta. Aliyefanya hivi aliogopa hata kuikwaruza. Hatua zote unazo, umeziandika mwenyewe. Na ufunguo ukiuchukua wewe, huhitaji kusaini kwa mtu."

Bibi Masijala alikuwa anapanga kalamu zilizokwisha kupangika.

"Kuna jambo lingine," Mama Nyaya aliendelea, sauti imeshuka. "Kazi yako ya miaka ishirini na miwili imetoweka, hukuuliza kama itapatikana. Uliuliza habari za mtoto huyu tu."

"Nilijua ilipo," alisema Bibi. Alifungua droo, akatoa barua. "Nimeungama humo, nakala tatu. Sikujua mashine huandika jina la aliyeiacha wazi. Nimekaa nayo saa nzima natafuta ujasiri. Chapuchapu, mwanangu, nisamehe."

"Lakini kwa nini?" mkurugenzi alifoka.

"Kwa sababu mfumo wenu mpya unabeba majina na tarehe. Ile ya zamani ina nafasi ya maelezo mengine, na mimi nimeijaza kwa kila mtoto. Nilikwambia mara mbili, ukasema si muhimu. Mwaka juzi alikuja dada mmoja, mama yake alifariki siku ile ile aliyomzaa. Nilimsomea mstari mmoja: mama amemshika, amesema ana vidole virefu kama vya bibi yake. Alikaa kwenye kiti hicho hapo, anaangalia vidole vyake. Nilitaka saa kumi ipite, huyu muuzaji aende zake, nipate wiki moja ya kuinakili kwa mkono."

"Watoto wangapi?" aliuliza Chapuchapu.

"Elfu kumi na moja na mia nne."

"Kwa mkono, wiki moja!" Chapuchapu alicheka huku analia.

Mama Nyaya alivuta kibodi ya masijala. Dakika mbili baadaye Uzazi ilirudi kwenye orodha, ikawaka. Aliandika jina la ukoo la mkurugenzi, akageuza kioo kimtazame.

Mkurugenzi alisoma kimyakimya. Muuzaji, asiye na adabu, akasoma kwa sauti: "Msichana, kilo tatu na robo. Maelezo mengine: baba amelia kuliko mtoto, amepewa kiti na maji."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mkurugenzi alikohoa mara mbili.

"Haifutwi," alisema hatimaye. "Muuzaji, rudi ukiwa na mfumo wenye hiyo nafasi. Chapuchapu, baki na kitambulisho chako."

"Na akaunti akiacha wazi tena, nitamfukuza mimi," alisema Mama Nyaya.

"Na wewe, Bibi, nakuandikia onyo. Hilo siwezi kuliepuka."

"Usiliepuke," alisema Bibi Masijala.

Alimpa mkurugenzi karatasi na kalamu, akamkumbusha kuweka tarehe, akangoja mpaka amalize. Kisha akaipokea barua ya onyo, akaitoboa matundu mawili sawasawa, akaenda kwenye kabati la watumishi na kuiweka kwenye faili lake mwenyewe, palepale panapostahili.