Sajini Ameshiba

Bodaboda ilipita tuta la kwanza ikiwa hewani.

Karambu hakupunguza mwendo. Subaru ya Idara ya Ujasusi ilipiga tumbo chini, ikanguruma, ikaendelea. Bastola yake ya Ceska ilikuwa mapajani. Mbele, mtu wa jaketi jekundu alikuwa amelalia tangi la pikipiki yake ya Boxer kama mtoto mgongoni kwa mamake.

Barabara ya Runyenjes asubuhi ya Jumapili ni ya waumini. Akina mama waliruka mtaroni na Biblia zao, na walichosema baada ya hapo hakikuwa cha Biblia.

Kona ya tatu. Mkokoteni wa punda, mapipa manne ya maji.

Jaketi jekundu likakata kulia, likaingia katikati ya michai na kupotea. Magurudumu ya Boxer yalibaki juu, yakizunguka. Karambu alishuka bila kukimbia. Alimkuta kijana chali, damu kwenye meno, akamwekea mtutu chini ya kidevu.

"Kaberia. Munyi yuko wapi?"

Kaberia alicheka. Wapo watu wanaocheka wakishindwa, na hao ndio wa kuogopwa.

"Madam, umechelewa. Saa sita kamili anaenda mbinguni. Na si ni Jumapili? Ataingia bila foleni."

Karambu aliangalia Casio yake. Saa nne na dakika kumi.

Munyi alikuwa mjasusi mwenzake. Kwa miaka miwili alijifanya mwalimu wa sayansi mjini Embu, huku akimfuatilia mgeni mmoja aliyejiita Brandt. Brandt alikuwa ameingiza lori zima la vilipuzi, na kazi yake ilikuwa moja: kulipua mitambo ya umeme ya mto Tana na kuiacha nchi gizani. Ijumaa, Munyi alituma ujumbe mfupi wa simu. *Nimeona lori lilipofichwa. Nitakupigia.*

Hakupiga.

Kaberia alisema yote, tena kwa raha, kwa sababu aliamini haitasaidia kitu. Walimhoji Munyi siku mbili. Hakufungua mdomo, basi wakaubandika utepe wa gundi. Sasa yuko ndani ya kontena, nyuma ya kinu cha kahawa kilichofungwa zamani. Amefungwa kwenye pete ya chuma kwa pingu zake mwenyewe. Bomu liko hatua tano kutoka alipo, na waya wake umefungwa kwa mlango.

"Ukifungua, boom. Ukikata kwa moto, kuna petroli ndani. Boom. Ukikaa tu, saa sita..."

"Nimeelewa," Karambu akasema, akamtupa kwenye buti ya gari.

Kontena lilikuwa pale pale aliposema, limesukumwa likabana ukuta mnene wa mawe. Karambu alilizunguka mara mbili. Hakuna dirisha wala ufa. Kulikuwa na bomba moja tu la chuma, kutu tupu, lililopitishwa ukutani zamani kwa ajili ya nyaya za umeme, likatokea ndani ya kontena. Upana wake haukuzidi yai la kuku. Aliinama, akaweka mdomo.

"Munyi!"

Kimya. Halafu kucha ikagonga chuma. *Tk. Tk.*

Yuko hai! Karambu alihisi machozi yakimjia, akayakemea yakarudi.

Alitoa ufunguo wa pingu mfukoni. Pingu zote za Idara hufunguka kwa ufunguo mmoja, hata wa mtu mwingine. Aliufunga kwenye waya, akasukuma. Bomba lilikuwa na kona ndani. Akasukuma tena, ikaja kona ya pili, na waya ukagoma. Alijaribu kijiti. Alijaribu antena ya redio. Kila kitu kiligota kwenye kona ile ile.

Alipiga simu makao makuu, Nairobi.

"Nahitaji watu wa mabomu."

"Watafika baada ya saa tatu, kama barabara ya Thika hakuna jam."

"Nina saa moja na nusu."

"Basi tumia akili, Karambu."

Simu ikakatwa. Wakubwa wa Nairobi ni wakarimu sana wa ushauri.

Alisimama akiangalia tundu la bomba. Tundu la panya, aliwaza.

Panya!

Munyi alifuga panya watatu, na hakuwaficha. Watu wa mtaa wa Majimbo walisema mwalimu ana majini. Munyi alicheka tu. Mmoja, dume la kijivu mwenye sikio lililokatika, aliitwa Sajini. Munyi alimfundisha kusimama wima, kuzunguka, kupiga kengele, na kuleta funguo. Karambu aliwahi kuyaona kwa macho yake: Munyi alirusha funguo za gari kwenye bomba la maji ya mvua, akagonga kucha mara mbili, na Sajini akatoka nazo mdomoni kama karani anayeleta faili. Kila mchezo ulilipwa njugu moja. "Panya hana ujanja wa ajabu," Munyi alimwambia siku ile. "Ana njaa na ana rafiki. Hivyo viwili vinatosha."

Karambu alimwita chifu kwa simu ahamishe watu wa karibu, akaingia garini.

Kutoka Runyenjes hadi Embu mjini aliendesha kwa namna ambayo hawezi kuiandika kwenye ripoti. Kwenye buti Kaberia aliomba kushushwa. Aliomba kwa jina la Yesu, sasa.

Majimbo, saa tano kasoro dakika saba. Mama yake Munyi, Cicily, alikuwa ndio ametoka ibada ya kwanza, bado na kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa kichwani. Alimwona Karambu mlangoni na uso ukamwanguka.

"Mwari, binti yangu, usiniambie."

"Yuko hai, Mama. Nataka Sajini. Sasa hivi."

Alimweleza kwa sentensi tatu. Cicily hakuuliza ya nne. Aliingia jikoni, akafunga nduma za kuchemsha, yale magimbi ya mtoni, kwenye karatasi, akabeba kasha la panya kwa mkono mmoja akiliweka mbali na gauni lake la kanisa, akapanda gari.

"Hiyo nduma ni ya nini?"

"Mtoto wangu hajakula tangu Ijumaa."

Karambu alikanyaga mafuta.

Saa tano na dakika ishirini na mbili walikuwa mbele ya bomba. Karambu alifunga ufunguo kwa uzi kwenye njugu ya kukaanga, akamshika Sajini kwa mikono miwili, akamweka mdomoni mwa tundu. Akaonyesha njugu.

Sajini aliinusa. Akapiga miayo. Akakaa chini akaanza kuosha masharubu.

"Ingia!"

Sajini akaosha sikio.

"Mama, ana nini huyu?"

Cicily aliweka mkono kifuani. "Ameshiba."

"Ameshiba vipi?"

"Leo ni Jumapili, mwari! Tulikubaliana na Munyi. Siku sita anazifanyisha hiyo kazi yake zikiwa na njaa. Siku ya Bwana ni yangu. Nazipatia mpaka zinakataa. Hata ng'ombe wetu hatufungi jembe Jumapili. Imeandikwa, wewe na mnyama wako." Sauti ilianza kupasuka. "Nimezipatia asubuhi kabla ya kanisa. Mahindi na maharagwe, githeri yote ya jana. Nilidhani ninafanya vizuri."

Kutoka kwenye buti ya Subaru, kule kwenye kona ya michai, Kaberia alisikika akicheka.

Karambu alijaribu njugu tatu. Alijaribu biskuti. Alimsukuma Sajini ndani kwa nguvu, na Sajini akageuka akatoka kinyumenyume, amekasirika. Saa tano na dakika thelathini na moja. Alikuwa amewahi kupigwa risasi Moyale, amewahi kuruka kutoka kwenye lori linalokwenda, na sasa alikuwa ameshindwa na mnyama mwenye tumbo lililojaa mahindi.

*Tk. Tk,* kucha ikagonga kutoka ndani. Polepole kuliko mwanzo.

Cicily alipiga magoti kwenye tope, gauni na yote. Karambu alidhani anaomba. Lakini mama alikuwa anamwangalia panya, uso kwa uso, kama anayemwangalia kwa mara ya kwanza.

"Hii kitu ikishiba haikai bure," alisema taratibu. "Inaiba."

"Inaiba nini?"

"Kila Jumapili jioni napata nduma kwa viatu vyangu. Kwa mfuko wa Biblia. Nimegombana na Munyi mpaka nikachoka. Ikiwa na njaa inakula hapo hapo. Ikishiba inabeba, inaenda kuficha mahali kuna giza." Alikuwa tayari anafungua karatasi. "Njugu inamezwa, mwari. Haifichwi. Nduma ndio inafichwa."

Karambu aliutazama ule mdomo mweusi wa bomba. Mahali pa giza kuliko hapo hapakuwepo Runyenjes nzima.

Walimega kipande cha nduma kama kidole gumba. Cicily alichomoa uzi kwenye pindo la kitambaa chake cha kichwani, akafunga ufunguo mara tatu kwa fundo la kufungia magunia. Wakaweka nduma chini, wakarudi nyuma hatua mbili.

Sajini aliinusa. Akaangalia kushoto. Akaangalia kulia, kama mtu anayetoka na sufuria ya jirani.

Akaikamata, akaingia.

Walisikia kucha zake zikikwaruza kutu. Kona ya kwanza. Ufunguo ukigonga chuma, *ting, ting*. Halafu kimya.

"Amesimama," Karambu akanong'ona.

Dakika moja nzima. Sajini alikuwa amepata giza alilolitaka, katikati ya bomba, na hakuona sababu ya kwenda mbele. Cicily aliziba mdomo kwa viganja viwili. Karambu alitaka kupiga kelele na hakuthubutu. Panya akishtuka angerudi, au angedondosha mzigo pale pale kwenye kona na kuziba njia moja waliyokuwa nayo.

Ndipo kutoka ndani kucha ikagonga.

*Tk. Tk.*

Njaa haikuwepo. Rafiki alikuwepo.

*Ting,* ufunguo ukajibu. *Ting, ting, ting.* Kona ya pili. Kisha sauti ya kitu kuanguka kwenye mbao.

Saa tano na dakika arobaini na tano. Saa tano na dakika arobaini na nane. Minyororo ya pingu ililia. Kisha mlio wa utepe wa gundi ukibanduka kwenye ndevu za siku mbili, na sauti ya mwanamume, kavu, ikapita ndani ya bomba.

"Karambu. Nani ametuma nduma?"

"Mama yako yuko hapa. Waya wa mlango, unauona?"

"Naona."

"Utoe."

"Nipe muda."

"Hatuna."

Alisikika akipumua. Dakika mbili. Tatu. Cicily alikuwa anataja majina ya watoto wake wote mmoja mmoja, hata waliokufa.

"Waya umetoka. Saa siwezi kuzima, imechomelewa ndani ya sanduku. Fungua!"

Karambu alivunja kufuli kwa nyundo ya gari. Mlango ulifunguka na harufu ya petroli ikawapiga usoni. Munyi alikuwa mlangoni amesimama kwa shida, vifundo vya mikono vikivuja damu. Namba nyekundu nyuma yake zilisema dakika nne na sekunde kumi.

"Toka!"

Munyi hakutoka. Aligeuka.

"Sajini!" Aligonga kucha kwenye ukuta. *Tk. Tk.* "Sajini, njoo!"

Kulikuwa na rundo la mbao nyuma, refu kuliko mtu. Chini kabisa, kwenye giza, mkia ulionekana ukiingia. Munyi alikuwa ametoa ufunguo na kuiacha nduma chini. Sajini alikuwa amerudia mali yake, naye hakuwa amepata mahali pazuri pa kuificha.

Munyi alianza kuvuta mbao. Moja. Mbili. Dakika tatu.

"Munyi, wacha."

"Ameniletea ufunguo, Karambu."

"Najua."

"Siwezi kumwacha hapa!"

Cicily alisimama mlangoni, gauni limejaa tope. Hakupaza sauti.

"Munyi wa Njura. Toka kwa hiyo nyumba."

Kuna sauti ambayo mtu hawezi kuibishia hata akiwa na miaka arobaini. Munyi aligonga kucha mara ya mwisho, akasikiliza, akatoka. Karambu alimshika bega, wakakimbia watatu, mama katikati, mpaka nyuma ya Subaru kule kwenye kona ya michai.

Saa sita kamili ilifika kwa wakati. Ardhi ilitetemeka. Paa la kinu liliruka, likarudi vipande vipande, na moshi mweusi ukasimama juu ya Runyenjes.

Munyi alikuwa ameegemea gurudumu. Aliongea bila kuinua kichwa.

"Kinoru, Meru. Nyumba ya wageni ya kijani, nyuma ya kituo cha petroli. Lori liko uani, limefunikwa nyasi za ng'ombe. Brandt yuko chumba cha saba."

Karambu alichukua redio ya Motorola, akamwita ofisa mwenzao wa Meru. "Kinoti, Kinoti, uko Meru? Ova."

"Niko. Ova."

Alimpa maelezo. Walingoja dakika kumi na tisa.

"Karambu, Kinoti hapa. Tuko na yeye. Lori liko kamili, hakuna kimeguswa. Amepatikana akikula samosa. Ova."

"Mwache amalize. Ova na kwaheri."

Tana ingeendelea kuwasha taa. Kaberia alikuwa ameacha kucheka. Cicily alifungua karatasi, akampa mwanawe nduma iliyobaki. Munyi aliishika tu.

"Nilimfundisha kuja nikigonga," alisema. "Hakuja."

"Alikuja ulipokuwa na shida," mama akasema. Alikaa kando yake chini. Kwa miaka miwili alikuwa akisema *hii kitu* na *hizo panya zako*. "Jina lake ulisema ni nani?"

"Sajini, mama."

"Sajini."

Alifumba macho. Aliomba kwa Kiembu, maneno machache, na jina la Sajini lilikuwamo, likatajwa sawasawa kama la mtu. Munyi akaanza kulia, kwa sauti, bila aibu.

Karambu alivua kofia. Aliposikia amina aliivaa tena, akakagua Ceska, akafunga buti vizuri juu ya Kaberia. Kisha akaanza kutembea kuelekea kwenye moshi, mikono mfukoni, kuwazuia watu wasikaribie.