Kipandio Kilichopigwa Bandi

Bibi Cherehani alishona sare za shule. Kila asubuhi alifungua dirisha la chumba cha mbele, akafuta vumbi kwenye cherehani, akaweka mguu wa kulia kwenye pedeli. Mguu wa kushoto aliunyoosha juu ya kigoda. Goti la mguu huo lilikuwa limekataa kujikunja siku nyingi.

"Hili goti liko likizo," aliwaambia wateja, nao walicheka.

Kicheko chake kilikoma simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa mdogo wake. Walizaliwa wawili tu kwa mama yao. Mdogo huyo aliishi ng'ambo ya vilima, mwendo wa saa nne, kwenye njia ya mawe na makorongo. Basi halikufika huko. Kwa miaka mitatu hawakuwa wameonana.

"Dada," mdogo wake alisema siku moja, "macho yananiaga."

"Daktari anasemaje?"

"Anasema kilichopotea hakirudi. Dawa inalinda kilichobaki tu."

"Na kilichobaki ni nini?"

"Mwanga nauona. Kitu cheupe nakiona. Watu wakisogea karibu kabisa, naona sura. Njoo, dada. Njoo nikuone kabla sijafunga duka."

Bibi Cherehani alicheka ili mdogo wake asikie anacheka. Alipokata simu, alilia. Aliukumbuka mkeka waliolalia utotoni, na miguu ya baridi ya mdogo wake ikitafuta joto la miguu yake. Hamu ilimkaa kifuani mchana kutwa. Siku hiyo alishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja.

Gari lilikuwepo. Mwanawe alikuwa seremala, na alikuwa na pikapu ya kubebea vitanda na makabati. Njia ya vilima haikuishinda pikapu hiyo. Shida ilikuwa kuipanda. Ilikuwa imenyanyuka sana, na sakafu yake ilimfika Bibi Cherehani juu ya goti. Goti lenyewe mmeshalijua.

Walijaribu kigoda. Kikayumba. Seremala akataka kumnyanyua.

"Niache!" mama yake alimaka. "Mimi si kabati."

Basi Seremala akaenda kwenye duka la urembo wa magari. Akanunua vipandio, yaani vile vibao virefu vya chuma vinavyofungwa ubavuni mwa gari, chini ya milango, ili mtu akanyage anapopanda. Vilikuwa laini, vinang'aa kama sinia jipya.

"Vinaingia gari lolote, bosi," muuzaji alimwambia. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na vipandio hivyo vilitembezwa mpaka mlangoni mwa gari.

Nyumbani, matundu ya vipandio hayakukutana na matundu ya gari. Mtu mwingine angerudi dukani. Seremala alichukua drili na skrubu. Maisha yake yote, kitu kikikataa kukaa, alikipiga skrubu kikakaa. Alitoboa bati la chini ya mlango, akapiga skrubu nne kila upande. Vile vishikio vya chuma vilivyokuja pamoja na vipandio akavitupa chini ya meza ya kazi.

"Mama, njoo uone!"

Bibi Cherehani alikwisha kufunga mkoba. Alivaa gauni jeupe, ili mdogo wake apate kumwona. Akashika mlango, akaweka mguu wa kulia juu ya kipandio, akaegemeza uzito wake wote.

Kipandio kiliinama. Mguu ukateleza. Skrubu zikachomoka moja baada ya nyingine, na Bibi Cherehani akaanguka chini na gauni lake jeupe.

Hakuvunjika. Ngozi ya muundi ilichubuka, na kiganja kikatoka damu. Seremala alimwinua, akamkung'uta vumbi.

"Mama, nisamehe. Nitaongeza skrubu."

"Ongeza kwenye vitanda vyako," alisema. "Mimi siendi tena."

Akaingia ndani, akavua gauni jeupe, akalitundika nyuma ya mlango. Alipompigia mdogo wake alisema gari limeharibika. 

"Haya, dada," mdogo wake alisema. "Nitakuona kwa masikio."

Maneno hayo yalimuuma kuliko muundi.

Kesho yake jirani yao alikuja kuchukua ovaroli yake iliyopasuka magotini. Alikuwa fundi wa magari, mwanamke mwenye mikono mipana, na mtaa mzima ulimwita Mama Spana.

"Shikamoo, mama. Mguu umefanya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeangushwa na urembo."

Akamweleza yote. Mama Spana hakuchukua ovaroli. Alitoka uani, akalala chali chini ya pikapu, akatazama. Kisha akatoa kichwa.

"Seremala! Njoo hapa. Umefunga hivi kwa nini?"

"Kwa skrubu."

"Nimeziona. Hili ni gari, ndugu yangu, si kabati. Bati hili ni jembamba kama mfuniko wa sufuria. Haliwezi kumbeba mtu. Na hapa ulipotoboa, sogea uone. Bomba la mafuta liko wapi?"

Seremala aliinama. Bomba lilikuwa upana wa kidole tu kutoka kwenye tundu lake. 

"Sikujua," alisema.

"Hukuuliza. Mimi nakaa nyumba ya tatu."

Bibi Cherehani alikuwa mlangoni, amejishikilia kwenye fremu. "Lakini kilikuwa kimekaa vizuri," alisema. "Mimi mwenyewe nilikitikisa."

"Kilikuwa kimeshikizwa tu, mama. Hakikufungwa."

Bibi Cherehani akatega sikio. Neno hilo lilikuwa la kazi yake. Kabla ya kushona nguo, fundi huishikiza kwa nyuzi ndefu ili aone inavyokaa. Huko ndiko kupiga bandi. Nyuzi hizo ni za kufumuliwa.

"Kumbe mwanangu alinipigia bandi!" alisema. "Na mimi nikaivaa nguo ya bandi, nikatoka nayo!"

Mama Spana akacheka mpaka akakaa chini. Seremala alitamani ardhi ipasuke.

"Basi tukishone," Bibi Cherehani alisema. "Kitambaa cha kukishonea ni kipi?"

"Ni chasisi," Mama Spana alijibu. "Ule uti wa mgongo wa gari. Kipandio kinashikwa na vishikio vya chuma, na vishikio vinafungwa kwenye chasisi, au kwenye matundu aliyoyaacha mtengenezaji wa gari. Tunatumia bolti na nati, na washa, ile pete ya chuma inayokaa chini ya nati. Lakini hivi virudishwe dukani. Si vya gari hili."

"Muuzaji alisema vinaingia gari lolote," Seremala alinong'ona.

"Wewe unauza kitanda kimoja kinachoingia godoro lolote?"

Seremala akavitoa vile vishikio chini ya meza, akavipakia pamoja na vipandio. Alivirudisha siku hiyohiyo. Safari hii alikwenda na Mama Spana. Walimtajia muuzaji aina ya gari na mwaka wake, wakauliza kipandio kinabeba kilo ngapi. Wakachagua vyenye vinundu vya kuzuia utelezi.

Kazi ilichukua siku mbili. Mama Spana alifunga vishikio vyote, hakuacha hata kimoja. Kwanza alizungusha nati kwa mkono tu, akasawazisha kibao. "Hii ndiyo bandi," alimwambia Bibi Cherehani. Kisha akazikaza zote kwa spana. "Na huku ndiko kushona."

Matundu ya zamani aliyaziba, akayapaka rangi ili kutu isiingie. Mwisho alichukua brashi, akachora mstari mweupe kwenye ukingo wa kila kipandio.

"Wa nini?" Seremala aliuliza.

"Anayepanda aone mwisho wa kibao uko wapi. Kioshe tope kila ukitoka safari. Ikipita wiki, kilete nikaze tena. Njia mbaya hulegeza nati."

Mama Spana alisimama juu ya kipandio kwa miguu miwili, akaruka. Hakikulia. Kisha akashuka, akampa Bibi Cherehani mkono.

 Muundi wake ulikumbuka kuanguka kule. Lakini hamu ilikuwa kubwa kuliko woga. Akaweka mguu mzuri kwanza, akavuta ule wa likizo, akakaa.

"Mwanangu," alisema, "kaniletee gauni langu jeupe."

Saa nne baadaye pikapu ilisimama mbele ya nyumba yenye ukuta wa udongo. Mdogo wake alitoka, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Alikuwa amekonda. Bibi Cherehani alifungua mlango wa gari.

"Nani huyo?" mdogo wake aliuliza.

"Ni mimi."

"Usishuke!" mdogo wake alisema. "Goti lako nalijua. Nakuja mimi."

Akatembea polepole kuelekea kwenye gari. Alipofika karibu, aliinamisha kichwa, akatabasamu.

"Naona mstari mweupe," alisema.

"Kanyaga hapo."

Mdogo wake alikanyaga. Kipandio hakikutikisika. Akapanda, akaingia, akausogeza uso wake mpaka pumzi zao zikakutana. Alimtazama hivyo kwa muda mrefu.

"Umezeeka, dada," alisema.

"Na wewe macho yako ni mazima kabisa," Bibi Cherehani alimjibu, na wote wawili wakacheka huku machozi yakiwatoka.