Kibarua Aliyepanda Minyaa Kwenye Mipaka Yangu

"Huyo? Huyo ni kibarua wangu."

Nilisema hivyo mbele ya watu saba, mchana kweupe, hapa hapa Karatu, mwaka 1984. Na huyo niliyemwita kibarua alikuwa baba yangu mzazi...

Tulieni kwanza. Matusi yenu nitayasoma kwenye komenti, nastahili yote. Ila someni mpaka mwisho.

Naitwa Bonaventura. Wakati huo nilikuwa karani wa stoo kwenye hoteli moja kule juu, ukingoni mwa kreta. Kijana wa suruali ya bugaluu na viatu vya kung'aa, najiona nimefika. Mke wangu Paskalina alikuwa na mimba ya pili na tulikuwa tumepanga chumba kimoja.

Baba, mzee Rafaeli, alitoka Singida akiwa kijana, akawa kibarua kwenye shamba la kahawa. Mimi nilizaliwa kambini kwa vibarua. Hilo nililificha kama ugonjwa.

Ndipo nikapata nyumba. Ya matofali, vyumba vinne, mtaa wa zamani karibu na misheni. Majirani walimu na manesi, watu wenye heshima zao. Mwenye nyumba, Mama Bernadina, alikuwa amefiwa na mume na anarudi kwao Mbulu.

Sasa mtaa ule ulikuwa na utaratibu wake. Hununui kimya kimya. Siku ya makabidhiano majirani wa mipaka wote wanakuja, na wewe mnunuzi unakuja na mzazi wako. Mzazi ndiye anayezunguka kiwanja na kupanda minyaa, ile miti ya utomvu ya mipaka, kwenye kona nne. Hapo majirani wanajua ukileta fujo wakushtaki kwa nani.

Nikawaza baba atakavyoingia pale na lile kabuti lake la kambini, na Kiswahili chake chenye Kinyaturu ndani. Nikaona aibu, jamani. Nikamdanganya kwamba makabidhiano ni wiki ijayo.

Halafu nikamfuata mzee Ignas, mwalimu mstaafu, mtu wa miwani na maneno mengi. Nikampa kilo mbili za sukari awe baba yangu kwa siku moja. Wa enzi zile mnajua kilo mbili za sukari zilikuwa nini, wakati dukani haionekani!

Siku ikafika. Mzee Ignas anakunywa chai, anasimulia ukoo wetu ambao haupo, majirani wanaitikia. Mimi naona mambo safi.

Mara baba akatokea...

Jembe begani, fungu la vipande vya minyaa kichwani, miguu imejaa vumbi jekundu. Alikuwa ametembea tangu alfajiri.

Balozi Patrisi, wa nyumba kumi, ndiye aliyekuwa anaandika hati. Akaniuliza yule ni nani. Ndipo nikalitoa lile neno.

Baba alinitazama. Sikuona hasira, na afadhali ningeiona.

"Ndiyo, bosi," akasema.

Akaenda kona ya kwanza, akaanza kuchimba.

Kona zote nne alipanda peke yake, huku baba yangu wa sukari akiongezewa chai. Alipomaliza, Mama Bernadina akasimama, akamwambia balozi aweke kalamu chini.

"Siuzi tena."

Akaeleza mbele ya wote, kwamba muda wote alikuwa anasubiri aone kama nitajirudi. Kumbe tulikuwa wanunuzi watatu, na mmoja alikuwa tajiri wa Arusha. Kumbe Jumapili nne mfululizo mzee Rafaeli alikuwa anakuja baada ya misa, anakaa barazani kwake, anaomba nyumba apewe mwanawe, wajukuu wakulie kwao, siyo kambini kama baba yao. Ndiyo maana nikapewa mimi. Na tarehe ya makabidhiano, ni yeye mama aliyemtajia.

"Anamkana baba yake kwa ajili ya nyumba," akasema. "Majirani zangu nitakuwa nimewaachia mtu gani?"

Mzee Ignas akafuta miwani, akaondoka bila kuaga. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Aliyenitetea ni baba.

"Mama, muuzie. Hajasema uongo. Nimekuwa kibarua wake tangu alipozaliwa."

Mama Bernadina alilia. Akauza, kwa ajili yake, siyo yangu. Balozi akamwita baba aweke dole gumba kama shahidi wa mnunuzi, akamuuliza aandike nani.

"Andika Rafaeli. Kibarua."

Nilipiga magoti kwenye vumbi na bugaluu yangu. Baba akanishika bega, akasema nimsalimie Paskalina, akachukua jembe lake akaenda.

Aliendelea kuja kutuona. Alicheza na wajukuu uani, alikula chakula uani. Lakini miaka mitatu, mpaka anafariki, hakuvuka mlango wa nyumba ile hata mara moja. Nikimsihi, anacheka, anasema kibarua kazi yake iko nje.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Natalia alikuta ile hati kabatini.

"Babu, huyu Rafaeli kibarua ni nani?"

Nikamwambia ni baba yangu. Nikamwonyesha na minyaa yake kwenye kona, imepita paa siku nyingi.

Akaiangalia hati tena.

"Sasa mbona hawakuandika baba?"

Jibu nimeliandika hapa ili asome mwenyewe. Na wewe, kama mzazi wako yu hai, mtambulishe leo mbele ya watu, hata akija na jembe.